Jana Mlikula Nini

Mimi nimechoka, niseme tu mapema. Nimechoka na miteremko ya Kola, kijijini kwetu, nimechoka na vumbi la viatuni, na zaidi ya yote nimechoka na swali moja ambalo nimeuliza nyumba thelathini, mara mbili kila nyumba: jana mlikula nini?

Ninasomea Sayansi ya Familia na Mlaji katika chuo kimoja Machakos mjini, mwaka wa nne. Huku kwetu wanaita kusomea kupika. "Ndila, kwani mama yako alikataa kukufundisha?" ndiyo salamu ninayopata njiani, na huwa nacheka, maana ukikasirika watasema umeleta maringo ya chuo. Kazi ya mwisho ilikuwa rahisi kwa mdomo: nenda nyumba thelathini, andika kila mtu alikula nini jana na kiasi gani, rudi, uhitimu.

Mara ya kwanza nilienda na fomu mkononi. Hapo ndipo nilijimaliza. Kwetu, mvua ikikataa, mtu mwenye karatasi anayeuliza mmekula nini ni mtu wa chakula cha msaada, na mtu wa msaada humwambii umeshiba. Nyumba zote thelathini zilikuwa zimekunywa chai ya rangi peke yake. Mama Kavindu aliniapia hivyo, na mafuta ya chapati bado yanang'aa mdomoni. Mhadhiri wangu, Daktari Mwihaki, alisoma fomu tatu akavua miwani.

"Ndila, hawa watu wote wangekuwa wamezikwa," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilieleza nyumba kwa nyumba kwamba si msaada, ni masomo yangu, ni mtihani. Walinielewa kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Wakanihurumia, wakaamua kunipitisha. Nyumba ishirini na nane zilikuwa zimekula wali kwa kuku. Wali kwa kuku, siku ya Jumanne, mwaka kama huu! Ingekuwa kweli, Kola nzima isingebaki na jogoo. Mzee Kaloki aliongeza na soda, akanisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama soda inaongeza alama.

"Hii data umepika," Daktari Mwihaki aliniambia.

Miaka minne watu wananitania kuhusu kupika, halafu hilo ndilo neno ninaloambiwa mwishoni. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia mbele yake, na sikuona haya kwa sababu hata haya inataka nguvu. Akangoja nimalize. Kisha akanipa nafasi ya mwisho: nyumba moja tu, siku moja, nikae na mizani ya jikoni nipime kila sahani kwa macho yangu.

"Lakini usiguse kitu," alisema. "Usiongeze, usipunguze, usimpe mtu hata kijiko. Ukigusa, hiyo nyumba nitaifuta. Nataka fomu Ijumaa saa sita. Ukikosa, ni mwakani."

Mwakani. Mama alikuwa ameshawaambia wamama wote wa kanisa kwamba nahitimu mwaka huu. Na mimi sikuwa na mwaka mwingine ndani yangu, hilo nalijua.

Nani atakubali kukaliwa jikoni kutwa nzima? Nilienda kwetu, moja ya zile nyumba thelathini.

Alhamisi alfajiri nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda, mizani magotini. Nilimweleza mama masharti yote, naye akaitikia kwa kichwa kama anayepokea maagizo ya hospitali. Asubuhi baba na wajukuu wawili, watoto wa dada yangu, walikula viazi vitamu na chai. Mama alikunywa chai. "Viazi nimeonja nikiivisha," alisema. Nikaandika chai, kikombe kimoja.

Mchana ilikuwa isyo, mahindi na maharagwe, sufuria moja. Akapakua, nikapima. Ya baba gramu mia tano. Ya watoto mia tatu mia tatu. Yangu ilikuwa karibu sawa na ya baba, na kipande cha parachichi juu, eti mimi ni mgeni. Halafu akakwangua sufuria, akaweka kwenye kibakuli, akataka kupita nacho nyuma yangu.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba chetu, "leta hicho pia."

Gramu tisini, na nyingi zilikuwa mchuzi.

"Nimeonja nikipika," alisema.

"Hujaonja. Nimekaa hapa tangu alfajiri."

Akaangalia mlangoni, baba asisikie. "Andika nimekula vizuri. Mwalimu asione."

"Tangu lini, Mwaitu?"

"Tangu mahindi yanyauke shambani. Mwili unazoea."

Wiki iliyopita huyu huyu aliniambia wali kwa kuku, na mimi nikacheka, nikaandika, nikaenda nyumba inayofuata. Nilipata alama ya juu darasani kwenye lishe ya mama mjamzito, ya mtoto, ya mzee, ya mgonjwa. Nilijichukia vibaya sana pale kwenye kigoda.

Nikamsukumia sahani yangu.

"Si mwalimu alikataza?"

"Alikataza."

"Basi vuta sahani yako. Uko karibu kumaliza chuo, Ndila."

"Mwaitu, kula."

Akakataa, nikashikilia, mwishowe akachukua kijiko. Alianza polepole, kwa heshima. Baadaye hakula polepole tena, na mimi nikageuka nikaangalia ukuta.

Ningeweza kuandika gramu tisini na kunyamaza, nani angejua? Lakini nilikuwa nimebeba uongo wa nyumba thelathini kupanda na kushuka, sikuwa na mgongo wa kubeba wangu. Nikatoka hadi nyuma ya choo, ambako simu hushika mtandao, nikampigia Daktari Mwihaki.

"Nimegusa," nikamwambia.

"Umegusa nini?"

"Nimempa mama chakula changu."

"Hii siwezi kuipokea, unajua. Ni mwakani, Ndila." Hakusema kwa ubaya.

"Nimesikia, Daktari."

Niliporudi, mama alikuwa amemaliza. Alikuwa anapangusa ile sahani kwa leso, anaipangusa tu, ilhali ilikuwa safi.

"Mwalimu amesema nini? Nimekuharibia?"

"Hapana, Mwaitu. Amesema iko sawa. Nimepita."

Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyekula. Baba akasikia huko uani, akaingia akicheka, akatoa simu yake mfukoni na kushika njia ya nyuma ya choo, kumpigia mjomba wangu wa Tala ampe habari.