Ambadi Uani kwa Bi Sabaha

Masika ya mwaka ule wa Kilimo cha Kufa na Kupona, kila kipande cha udongo Kariakoo kilitafutiwa kazi. Watu walipanda mahindi kando ya mitaro, mihogo nyuma ya vyoo, na kunde zikapanda mpaka kwenye nyaya za redio. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwinyimvua, kuli mstaafu wa bandarini, alipita nyumba hadi nyumba na fimbo yake akichungulia nyua. Asipoona jani la kijani aliuliza kwa upole ulioumiza kuliko tusi: "Hapa mnakula saruji?"

Uani kwa Bi Sabaha hakuuliza. Mpangaji wa chumba cha nyuma, Klara, alikuwa amepanga madebe matupu ya mafuta kando ya ukuta, akayatoboa chini, akayajaza udongo na kuotesha kitu kilichostawi vizuri. Klara alikuwa mjane kutoka Masasi. Alishona mito, akaijaza usufi na kuiuza sokoni, na usufi ule ulimganda nyweleni kutwa. Bi Sabaha, mwenye nyumba, alizoea kumwambia, "Wewe mwanangu asubuhi kijana, jioni ajuza. Inategemea upepo tu."

Mbegu zilitoka kwa Bhagwati, mwanamke wa Kihindu aliyeishi ng'ambo ya mtaa, ghorofani, katika jengo lililokuwa zamani la familia yao na sasa la serikali. Alikuja kununua mto kwa ajili ya mumewe, Tulsidas, aliyekuwa akiinuka polepole kutoka katika maradhi marefu.

"Hataki kula," alimwambia Klara huku akiuminya mto kuupima. "Kila siku anataja ambadi. Ni mboga chachu, mama yake alikuwa akimpikia. Mbegu ninazo. Udongo ndio sina, dada. Kule juu nina ngazi na dirisha."

"Udongo ninao mimi," alisema Klara. "Lete."

Shauri lao likaanza hivyo: mbegu za mmoja, udongo wa mwingine, mavuno nusu kwa nusu. Hakuna aliyewaitia mkutano.

Ambadi ni mmea wenye mambo yake. Ulipochipua majani yalikuwa mviringo, ya kawaida kabisa, na Mzee Mwinyimvua akayasifu. Ulipopita kiuno, majani ya juu yakaanza kupasuka. Yakawa na vidole vyembamba, virefu, vyenye meno pembeni kama msumeno. Klara alimpelekea Bhagwati fungu la kwanza, na jioni ile Tulsidas alikula sahani nzima, akaomba tena. Bhagwati alishuka ngazi mbiombio kuja kumwambia hilo, akasimama mlangoni kwa Bi Sabaha akilia na kucheka pamoja.

Lakini mvua zilikuwa zinaishia, na majani yalikuwa mengi kuliko midomo. Klara akaamua kuyakausha, kama mama yake alivyokausha majani ya kunde Masasi. Fungu la kwanza la kukausha aliliweka juani, juu ya bati. Likawa na rangi ya nyasi za paa. Alipolitafuna halikuwa na ladha yoyote. Ni kama alitafuna gazeti. Fungu la pili akalifunga kwa uzi wa kushonea mito, akalining'iniza chumbani kichwa chini, akafunika dirisha kwa kanga ili mwanga usiingie, akaacha mlango wazi kidogo upepo upite. Kila asubuhi alisaga jani moja kati ya vidole, akaliweka ulimini na kusubiri. Siku uchachu ulipomkaza taya mpaka akafumba jicho, alijua amefaulu. Akaning'iniza na mafungu mengine.

Mlango ule ulioachwa wazi ndio ulioleta balaa.

Chumba cha mbele alikaa Eliakimu, karani wa stoo na mwanamgambo, kijana mnyoofu aliyepiga pasi bereti yake kama wengine wanavyopiga pasi mashati. Aliwahi kupelekwa bara kung'oa mashamba ya bangi. Madebe ya uani aliyapita kila siku bila kuyatazama, maana balozi alishayasifu. Mchana mmoja, kabla ya adhana ya alasiri, alipita akienda kuoga, upepo ukausukuma mlango, akaona: giza, kanga dirishani, na mashina yaliyoning'inia kichwa chini, kila jani na vidole vyake. Hakupiga kelele. Alivaa sare, akaenda kumwita balozi.

"Shikamoo, mzee," alisema Klara, sindano mkononi.

"Marahaba. Fungua mlango, Klara."

Mzee Mwinyimvua aliingia, akanusa, akatoka na shina moja. Alilishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Nini hii?"

"Mboga, mzee."

"Mboga gani hufichwa gizani?" aliuliza Eliakimu.

"Jua linaua ladha."

"Hivyo hivyo! Kule tulikong'oa, mzee mmoja alituambia maneno hayo hayo. Kivulini ndiko inakokuwa kali."

"Inaitwaje?" aliuliza balozi.

"Ambadi."

"Jina hilo sijalisikia kwa watu wa Masasi."

"Si ya Masasi."

"Basi mbegu kakupa nani?"

Klara akainamia mto wake. Alijua nyumba ya Bhagwati ilikuwa imepekuliwa mwaka ule na watu waliotafuta sukari iliyofichwa. Hawakuikuta, ila Tulsidas alitetemeka kitandani kwa muda mrefu baada yao kuondoka. Kumtaja Bhagwati ilikuwa ni kuwarudisha watu wale ngazini.

"Kanipa mtu mwema," alisema. "Majani ni yangu. Nichukueni mimi."

"Atasema kituoni," alisema Eliakimu.

Kila mtu alijua maana ya kituo kwa mwanamke asiye na kitambulisho cha kazi. Kujaza mito hakukuhesabiwa kuwa kazi. Kutoka kituoni angepandishwa lori na kurudishwa kusini, ambako nyumba aliyoiacha marehemu mumewe ilishakaliwa na shemeji. Hapa mjini Klara alikuwa na chumba, sindano, na watu waliomwita kwa jina asubuhi. Hakuwa na kingine duniani.

"Mwanangu, nisaidie nikusaidie," alisema Mzee Mwinyimvua, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Sema tu."

Klara alitikisa kichwa.

"Mtampeleka wapi?" Bi Sabaha alitoka jikoni na upawa. "Mpangaji wangu huyu! Mnamchukua kwa ajili ya majani? Basi nichukueni na mimi, maana nimeyala! Nimeyala na dagaa, nikaongeza!"

Bi Sabaha alipopaza sauti, mtaa mzima ulijua. Watu walisimama mlangoni. Ghorofani, ng'ambo, dirisha lilifunguka, likafungwa.

Bhagwati hakuwa ameingia hata mara moja ndani ya ua wa nyumba za chini. Mlangoni alifika, akaongea, akarudi. Sufuria zake hazikugusa nyama wala samaki, na yeye hakula palipopikwa hivyo. Siku ile alipita katikati ya watu, amechomeka pindo la sari kiunoni, kifuani amekumbatia sufuria yake mwenyewe na kikopo cha viungo.

"Mbegu ni zangu," alisema hata kabla ya salamu. Kisha akakumbuka. "Shikamoo, Bi Sabaha. Shikamoo, balozi."

"Marahaba," walijibu wote wawili kwa mshangao.

"Dada," Klara alinong'ona, "rudi juu."

"Sirudi. Umenificha, ahsante. Sasa niache." Akamgeukia Eliakimu. "Ndugu, haya majani babu wa babu yangu alikula. Nitapika hapa hapa, mbele yenu. Nitakula mimi kwanza."

"Majani nachagua mimi," alisema Eliakimu. "Usije ukabadilisha."

"Chagua. Chagua yale yenye sura mbaya kabisa."

Eliakimu aliingia chumbani, akatoka na fungu lililokauka kuliko yote. Klara akapepea jiko la mkaa. Bhagwati akamimina mafuta, akatupa haradali, nazo zikaruka na kupasuka. Akafuata na kitunguu saumu, binzari na pilipili, kisha majani yaliyolowekwa. Harufu ikapanda. Walioko mlangoni wakasogea ndani bila kualikwa. Bi Sabaha akaleta ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, uliokuwa umekwisha kuiva kwa ajili ya chakula cha mchana.

"Nyama haimo?" aliuliza Mzee Mwinyimvua.

"Mimi nyama?" alisema Bhagwati.

"Haya. Sikilizeni." Balozi alipiga fimbo chini. "Bangi haijifichi. Mwenye kuila hucheka bila sababu. Hilo hata mtoto anajua. Tutakula, kisha tutakaa kimya mpaka adhana ya alasiri. Mtu akicheka bila sababu, Klara anakwenda kituoni, na mimi mwenyewe nitamsindikiza. Asipocheka mtu, maneno yameisha."

Eliakimu akakubali. Ilikuwa haki.

Bhagwati akala. Klara akala. Bi Sabaha akala kama mtu anayelipiza kisasi. Mzee Mwinyimvua alisema bismillahi, akamega, akachovya, akatia mdomoni. Uchachu ulimkamata hapo hapo. Jicho la kushoto likafumba lenyewe, mdomo ukajikusanya kama tundu la mfuko uliokazwa kamba, na sikio moja, wote waliapa baadaye, likapanda juu.

Ua mzima ukashusha macho. Bi Sabaha aliuma ncha ya ushungi wake. Mwanamke mmoja mlangoni alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Kimya," alisema balozi kwa jicho moja.

Wakakaa. Ni vigumu kueleza jinsi watu wazima wanavyoteseka wanapokatazwa kucheka. Walitazama ukuta. Walitazama madebe. Waliwaza misiba. Klara hakuwa na haja ya kujizuia. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila midomo ilipotikisika roho yake iliruka. Bhagwati alimshika mkono, akaubana.

Eliakimu naye alikula, tena sahani yake akaimaliza. Baada ya muda akasimama.

"Mzee, naomba kujipima. Bangi huvuruga miguu. Nitatembea kwa mstari, muone."

"Tembea."

Akanyoosha mgongo, akabana mikono, akaanza. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutoka mlango wa choo kuelekea bombani, kidevu juu, macho mbele kama yuko kwenye gwaride Mnazi Mmoja. Mbele yake ilikuwa kamba ya nguo ya Bi Sabaha. Kichwa kilipita chini ya kamba. Bereti haikupita. Ilibaki juu, imenasa kati ya kanga mbili, nazo kanga zikaichezesha kwa upepo. Eliakimu hakujua. Aligeuka nyuma kwa ukakamavu, akapiga saluti, vidole vikagusa nywele tupu.

Sauti ilitoka mahali ambapo hakuna aliyeitegemea. Ilianza kama mluzi puani kwa Mzee Mwinyimvua, ikashuka kifuani, kisha ikalipuka. Balozi alicheka mpaka fimbo ikamdondoka.

Hakuna mwingine aliyecheka. Klara alisimama, tayari kwenda.

"Mzee," alisema Eliakimu taratibu, na hata yeye alionekana kusikitika. "Umecheka."

"Nimecheka!" Mzee Mwinyimvua alifuta machozi kwa kanzu. "Lakini hukumu ilikuwaje? Kucheka bila sababu. Mimi sababu ninayo, kijana. Ile pale, inaning'inia kati ya kanga za Bi Sabaha!"

Eliakimu aligusa kichwa chake. Alitazama juu. Uso wake mnyoofu ulipambana kwa muda, kisha ukashindwa. Akacheka akiwa amejiinamia, mikono magotini. Hapo ua mzima ukapasuka. Bi Sabaha alikaa chini kabisa. Waliokuwa mlangoni walishikana mabega. Adhana ya alasiri ilipoanza, iliwakuta wakihema, wakinyamazishana, wakijifuta nyuso, kila mmoja na akili zake timamu.

Eliakimu aliichukua bereti, hakuivaa. Alisimama mbele ya Klara.

"Dada Klara, nimekukosea mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu."

"Uliona ulichoona," alisema Klara. "Nimesamehe."

Mzee Mwinyimvua aliisogeza sahani yake kuelekea sufuria.

"Hamu ya kula nayo wanasema ni dalili," alisema Bi Sabaha.

"Ni dalili ya pensheni ndogo. Pakua." Akala, jicho likafumba tena, na safari hii hakuna aliyejizuia. Kisha akasimama, akaokota fimbo, na sauti yake ikawa ile ya mikutano. "Nyumba kumi ninazo, na tisa kati yake zinalalamika mboga hakuna. Huyu ametoa mboga ndani ya debe, akaikausha ikakaa. Kuanzia leo Klara ndiye bibi shamba wetu. Atakayeuliza ana kazi gani, aje kwangu. Na mama huyu wa ghorofani atatupa mbegu, akipenda."

"Napenda," alisema Bhagwati. Bi Sabaha alikuwa ametandika mkeka, na Bhagwati alikuwa amekwisha kukaa juu yake, akimega ugali wa yanga kwa mkono wake.

Klara aliingia chumbani. Aliitoa kanga dirishani, mwanga ukamwagika ndani, akafungua mafungu na kuanza kuwagawia waliosimama mlangoni. Fungu kubwa alimpa balozi, akaonyeshe nyumba nyingine.

Mzee Mwinyimvua aliliweka begani kama bunduki, akatoka mtaani. Mwuza kahawa aligandisha birika hewani. Msukuma mkokoteni alisimama ghafla, mzigo ukamsukuma yeye. Mama mmoja alivuta watoto wake ndani. Balozi wa nyumba kumi, mchana kweupe, na bangi begani! Naye hakuharakisha. Alitembea katikati ya mtaa, kichwa juu, na nyuma yake Eliakimu, mwenye sare, bereti mkononi, akimwelekea huyu na yule na kusema kwa sauti kubwa, "Ni mboga, ndugu! Ni mboga! Nimekula mwenyewe!"

Klara na Bhagwati walisimama kizingitini wakiwatazama mpaka walipokata kona, na hata walipokwisha kupotea machoni, vicheko viliendelea kusikika, nyumba baada ya nyumba.