Alama ya Chaki kwenye Tairi

Gari lilikuwa limetembea. Fundi mwashi alichuchumaa uani akaikodolea macho alama ya chaki aliyoichora jana chini ya tairi, pale mpira unapogusa sakafu. Leo alama imepanda juu kama jua la saa nne, na tairi halijizungushi lenyewe.

Akafungua mlango, akaingia. Kiti cha dereva kimevutwa mbele hata magoti yake yakagonga usukani. Ufunguo wa pili, aliouchongesha mwaka huu, anao mwanawe, lakini huyo ni mrefu kama nguzo ya umeme, asingeenea pale. Basi yuko mtu mwingine, mfupi, tena anaendesha mchana watu wakiwa kazini. Hawara, mzee akakata shauri. Mkewe ana mimba ya miezi saba ndani, na huyu anahonga gari la baba yake!

Hakumwambia mtu. Tangu mkewe afariki, mwaka wa pili huu, hakumwamini yeyote: si daktari, si diwani, si wale wa ofisini kwake walioahidi gari la wagonjwa, likafika maiti imeshapoa. Wakubwa ndio waliomuua, alisema hivyo kwenye kila msiba, mpaka watu wakawa wanamkwepa. Sasa na mwana naye. Akamwita dalali aje saa kumi alione gari. Liuzwe, kila mtu atumie miguu aliyopewa na Mungu.

Asubuhi hiyo aliondoka na mwiko na pimamaji yake kama kawaida. Kwenye jengo akawaambia wenzake tumbo linamsumbua, wakamtania kwamba labda ameambukizwa na mkwewe mjamzito. Saa sita alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, nyumbani kwake mwenyewe, kama mwizi.

Gari likaingia kinyumenyume, likasita, likajirekebisha, likasimama limepinda upande. Mguu uliotangulia kutoka ulivaa kandambili anazozijua. Tumbo likafuata.

Mkwewe.

Mzee akajitokeza, akauliza nani kamfundisha. Mkwewe akajibu ni mume wake, siku za Jumamosi, kule uwanjani. Siku nyingine anajizoeza peke yake. Mzee akamwambia nyumba hii haina mwanamke anayeshika usukani, hata marehemu aliomba akakataliwa. Binti akainamisha macho, lakini ufunguo hakuuachia.

"Ndiyo maana, baba. Siku ile nilikuwa na mama mimi. Gari lilikuwa hapa hapa, ufunguo uko mfukoni mwako, kazini. Na hata ungekuwa umetundikwa msumarini, nisingejua kuliwasha."

Akaweka mkono tumboni.

"Siku yangu ikifika, sitaki kusubiri gari la ofisini."

Mzee alifungua mdomo amtaje diwani. Mkono ukagusa ufunguo wake mfukoni, mle mle ulimokuwa siku ile. Akaenda kukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akakaa hapo mpaka dalali alipobisha hodi. Akamwambia gari haliuzwi. Dalali akanung'unika kwamba mzee ndiye aliyemwita. Mzee akajibu kwamba hata mvua huitwa isije.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alivuta kamba yake ya ujenzi sakafuni, akachora mistari miwili ya chaki, minyoofu kama ukuta.

"Unaegesha upande," alimwambia mkwewe bila kumtazama. "Na njia ya hospitali, shimo la pale darajani likwepe kulia. Lile la wakubwa, halitazibwa leo."

Kisha akautundika ufunguo wake msumarini, chini kidogo, mkono mfupi ufike.