Kiu ya Udamis

Kornelia alikuwa anachuja pombe ya Jumamosi, kung'uto mkono huu na kata mkono huu, mama mkwe wake Udamis alipoinama mlangoni akaingia jikoni. Udamis alikuwa amekufa tangu kiangazi kilichopita. Alikung'uta udongo kwenye sketi yake ya ngozi, akatafuta kigoda chake cha zamani, akakuta kuku ameatamia juu yake, akaketi kwenye gunia la pumba.

"Shikamoo, mama," alisema Kornelia. Hakuacha kuchuja, kwa sababu machicha yakiachwa katikati pombe inaingia uchungu.

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima. Tadei tu ndiye anakohoa."

"Mpake mafuta ya kondoo kifuani." Udamis alinyoosha shingo akachungulia chungu. "Hiyo ni ya leo?"

"Ya jana. Ndiyo kwanza inaanza kuchangamka."

Kornelia alikuwa mtu wa Nambis, huko juu Mbulu, ambako msichana anajua kuchuja pombe kabla hajajua kusuka nywele. Aliolewa huku chini tambarare na Gidahosh, mfugaji, na pombe yake ya mahindi na ulezi ikawaleta wanawake kwa miguu kutoka Endasak. Wanawake walipenda ile ya siku ya pili, yenye povu, ambayo utamu bado haujatoka. Wanaume walitaka ya siku ya tatu, inayong'ata ulimi, na kesho yake walimlaumu Kornelia kwa vichwa vyao, kana kwamba ni yeye aliyewafungua midomo. Udamis enzi za uhai wake alikunywa ya siku ya pili pamoja na wanawake wenzake na kuwacheka wanaume.

Sasa alipokea kata kwa mikono miwili, akanywa yote. Pombe ilishuka, ikapita, ikatokea chini ya gunia na kutiririka hadi kwenye mafiga. Udamis aliitazama kama mtu anavyotazama paa linalovuja.

"Ni tamu," alisema. "Ila haikai."

Kornelia alichukua majivu akayamwaga juu ya ule unyevu. Wote wawili walijua sababu.

Udamis alikuwa mwanamke mkubwa katika ukoo wake, na alipokufa wazee walikubali apewe kaburi la heshima, lile wanaloliita bung'ed, ambalo kwa kawaida hupewa wanaume. Kaburi la namna hiyo halimalizwi kwa siku moja. Ukoo unalipandisha polepole kwa udongo na miti mpaka linakuwa kilima kidogo, na siku ya mwisho mtoto wa kiume wa marehemu anapanda juu na kumwaga pombe ya asali kileleni. Hapo ndipo kaburi limefungwa, na mwenyewe anakwenda kwa wenzake. Siku zile pombe ya asali inapochachuka, hakuna mtu anayekaribia kaburi wala mfugo unaopita hapo. Marehemu anaachwa apange vitu vyake.

Na hilo ndilo lililowaponza. Shamba la ngano la serikali lilikuwa limefika mpaka hapo, na dereva wa trekta aliambiwa asawazishe vichuguu vyote ili mashine ya kuvunia isivunjike. Aliona kilima hakina mtu, hakina mbuzi, hakina hata nyayo. Kwao kaburi lina msalaba na jina. Alikisawazisha kabla ya chai ya saa nne, na pombe ikabaki nyumbani inachachuka bila mahali pa kumwagwa, mpaka ikageuka siki.

Dereva huyo aliitwa Xavery, kijana wa Masieda, mtoto wa kaka yake Kornelia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Udamis alirudi kesho yake jioni, na keshokutwa, na jioni zote zilizofuata. Alikuja jua likigusa ukingo wa mlima Hanang, akasalimiwa, akapewa kata, akavuja. Mwanawe Gidahosh aliketi nje amegeuzia mlango mgongo. Alikuwa anaona haya. Mtoto wa kiume aliyeshindwa kumfungia mama yake kaburi anamtazamaje usoni? Kornelia alimpelekea chakula hukohuko nje.

Asali ilikuwa haipatikani. Mizinga ilikuwa kwenye migunga, na migunga iling'olewa pamoja na vichuguu, na nyuki walihama bila kuaga. Kornelia alimtumia salamu kaka yake mwingine, Bura wa Nambis, amtafutie huko mlimani, lakini Bura alijibu kwamba msimu bado. Ikabidi wangoje.

Katika kungoja huko, Kornelia alimweleza habari hiyo Mama Ani, mke wa mtaalamu wa mitambo kutoka ng'ambo, ambaye Kornelia alikuwa anamuuzia mayai kwenye nyumba za shamba. Mama Ani alikuwa mwanamke mpweke, mwenye Kiswahili alichojifunza darasani, na kila jioni alikunywa jini yenye ndimu barazani akitazama ngano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana," alisema. "Bibi yangu pia yupo. Alikuja wakati wa mvua. Analalamika joto. Yeye anakunywa sheri tu, mvinyo mtamu wa kwetu. Mlete mama yako, ajaribu. Labda itakaa."

Basi jioni moja wakawa wanne barazani, wawili hai na wawili wafu. Bibi yake Mama Ani alikuwa kikongwe mdogo aliyevaa sweta na soksi nzito, na glasi yake ilikuwa ndogo kama kikombe cha dawa. Udamis alikagua ile glasi, akauliza kama mwenye nyumba ni mchoyo. Kornelia hakutafsiri.

Walianza na sheri, tamu, rangi ya asali kabisa, na Kornelia akainama kutazama sakafu. Ikavuja. Wakajaribu jini. Udamis alisema inanuka majani ya kuogeshea ng'ombe, nayo ikavuja. Wakafungua mvinyo mwekundu wa Krismasi, ukavuja, ukaacha doa sakafuni ambalo halikutoka tena. Lakini yule kikongwe wa ng'ambo kila alichokunywa kilikaa. Mashavu yalimwiva, akaanza kuimba kwa sauti ndogo.

Alipomaliza wimbo aliuliza kitu, na Mama Ani akakileta kwa Kiswahili.

"Anauliza, kaburi la mama ni wapi?"

Kornelia alielekeza kwa kidevu. Ngano ilianzia kwenye ua wa nyumba na kwenda mpaka macho yanapochoka.

"Wapi hasa?"

Hakukuwa na mti, wala jiwe, wala njia. Kila alama aliyoijua ilikuwa imelimwa. Kikongwe alimtazama Udamis kwa muda mrefu, kisha akaeleza taratibu kwamba lake liko nyuma ya kanisa, chini ya jiwe, mpwa wake hupeleka maua, na hata siku hizi anazokuja hapa barazani, kila asubuhi hurudi kulala huko. Mama Ani alianza kutafsiri, akaishia katikati. Udamis hakuhitaji kumaliziwa. Alifuta midomo, akasema wameshukuru, waende, ng'ombe wamerudi.

Kornelia alilia njiani. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani aliye karibu.

Msimu ulipofika, Bura alishuka na debe la asali. Kornelia alitia maji na mzizi wa kuchachushia, akaufunika mtungi, akauweka karibu na moto kama mtoto mgonjwa. Ilipoiva, jiko lilinukia mpaka wanawake wapita njia wakasimama. Alimpa Udamis kata ya kwanza. Udamis alifumba macho, akanywa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afe.

Pombe ikapita, ikatokea chini, ikafika kwenye mafiga.

"Si mdomoni, mwanangu," alisema Udamis kwa upole, maana alimpenda mkwe wake. "Mimi nakunywea kichwani. Juu ya kilima changu."

Jumapili ile Xavery alikuja kusalimia. Alikuwa amekonda. Hakuwa mtu wa kunywa, tangu kipaimara aliapa, na kila mtu alijua hivyo.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, bibi," aliwaambia, akimpa Udamis heshima yake pale kwenye gunia.

"Marahaba," alisema Udamis. "Wewe ndiye uliyepita juu yangu."

"Ni mimi, bibi. Nilidhani kichuguu."

"Najua. Ulikuwa unapiga mluzi."

Xavery akamgeukia Kornelia. "Shangazi, mimi najua ni wapi. Kila trekta ikifika pale, nalewa. Kichwa kinakuwa chepesi, mikono inacheka, mstari unapinda. Nikivuka hatua chache, naamka mzima. Msimamizi ameshaniandika mara mbili kwamba nalewa kazini."

Kumbe shimo la chini alimolazwa Udamis, ambalo mwanzoni mwa mazishi lilimwagiwa asali ya kutosha, lilikuwa bado linaichachusha. Gidahosh alisikia kutoka nje. Aliinuka, akaingia jikoni, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama yake. Kesho yake asubuhi yeye, Kornelia na Xavery walikwenda kwa meneja wa shamba.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti. Alisikiliza, akasema, "Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kushuhudia," akapanda trekta ya Xavery akakaa kwenye bawa la gurudumu. Walipofika pale alianza kuchezesha mabega, akamwita Xavery kipenzi, akaimba wimbo wa harusi ya kwao. Walipovuka alinyamaza na kurekebisha kola. Aliporudi ofisini aliomba maji ya kunywa.

"Ni kweli," alisema. "Kuna mtu pale."

"Ni mama yangu," alisema Gidahosh. "Naomba mahali pa kilima tu. Na siku moja ya kupanda juu yake. Sitaomba tena."

Meneja alizungusha glasi mezani. Alisema mashine ya kuvunia haiwezi kuzunguka, inataka mstari mmoja ulionyooka. Alisema mpango umetoka juu, na huko juu shamba limehesabiwa zima. "Na nikiacha kaburi moja, kesho mtaniletea mengine ya ukoo."

"Yapo," alisema Gidahosh.

"Ndiyo maana," alisema meneja.

Lakini jambo la madereva kulewa lilimkaa rohoni, kwa kuwa lilikuwa limethibitishwa, tena kwake mwenyewe. Wiki hiyohiyo akapiga marufuku wanawake kupika pombe karibu na shamba. Walinzi walikuja mchana wakiwa na marungu. Mmoja wao alikuwa mteja wa Kornelia wa siku zote. Alimwomba samahani kwanza, kisha akavunja vyungu, kimoja baada ya kingine, na mwisho mtungi wa pombe ya asali. Kornelia alisimama mlangoni mikono kichwani. Angefanya nini? Mwenye nguvu mpishe. Asali ilienea sakafuni ikafika hadi uani, na kabla ya jioni nyuki walikuja, wale waliohama, wakanywa wakaondoka tena. Udamis alipofika alikuta vigae, akaviokota na kuvipanga ukutani vizuri, vya shingo huku, vya tumbo huku.

Mkataba wa mtaalamu wa mitambo ulikwisha mwaka ule. Mama Ani alikuja kuaga, akamkumbatia Kornelia, akamwachia chupa ya sheri iliyobaki. Kikongwe wake alipunga mkono kutoka kiti cha nyuma cha gari. Hakuwa na haraka, angefika kabla yao.

Ngano iliiva ikavunwa. Kwa kuwa pombe ilikuwa marufuku, madereva waligundua thamani ya lile eneo, wakaanza kugombania zamu ya kulilima, hasa Jumamosi. Walipita, wakarudi, wakapita tena. Mstari ulipinda pale kila mwaka na msimamizi akaacha kuandika. Watu walisema hata gari la meneja lilionekana huko sikukuu, limesimama katikati ya mabua, redio ikiimba. Xavery aliomba ahamishiwe karakana. Alisema hawezi kunywa kinywaji cha mwenye kiu.

Udamis aliendelea kuja. Kornelia hakuwa tena na pombe ya siku ya pili wala ya siku ya tatu. Sheri iliisha. Alimpa maji ya mtungi, na siku sukari ilipopatikana dukani alimpa chai.

Jioni moja Kornelia alikuwa anachambua maharage na Gidahosh ameketi ndani, maana siku hizi alikuwa anaketi ndani. Kornelia alikuwa na mvi tayari. Alisema bila kuinua macho, "Baba Tadei, mimi nikifa nipelekeni Nambis. Nizikwe kwetu kule mlimani, penye mteremko. Trekta haipandi kule."

Gidahosh aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa neno la akili.

Udamis alikuwa kwenye gunia lake la pumba, kata mkononi, akitazama maji yake yakitambaa kwenda kwenye mafiga.

"Na mimi," aliuliza, "nitakuwa nakunywa kwa nani?"

Kornelia aliweka ungo wa maharage chini. Aliinuka, akachota maji mengine, akamjazia kata mpaka juu.