Droo Iliyoitwa Lidia

Bi Tufaha aliingiza uso wake wote ndani ya droo ya chini ya almari, akavuta pumzi, akatulia. Kisha akavuta tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi mara ya pili baada ya kukosa jibu la kwanza. Alipoinua kichwa, macho yake yasiyoona yalielekea pale niliposimama, ingawa sikuwa nimesema neno.

"Huyu siye Lidia," alisema. "Mmenibadilishia."

Chumba kilikuwa kidogo, ghorofa ya sita, Al Garhoud, Dubai. Ndege ilipita juu yetu na vioo vya dirisha vikatetemeka. Mwanawe, Himid, alinitazama. Badriya, mke wa Himid, aliangalia sakafu. Mimi nilikuwa na fomu ya makabidhiano mkononi, kila mstari umejazwa.

"Ni droo ya chini," Himid alinieleza kwa sauti ndogo. "Ndilo jina lake. Usiniulize kwa nini, dada. Mama kamkuta mamake anaita hivyo, na mamake kamkuta bibi yake."

"Droo ni droo," Badriya alinong'ona. "Ina jina kama mtu?"

Nilijua kwa nini ilikuwa na jina. Katika chumba kile nilikuwa peke yangu niliyejua. Hata hivyo nilinyamaza, kwa sababu nilijua na jambo la pili: mama yule hakuwa amekosea sana. Nilichomrudishia hakikuwa kile nilichokichukua.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa nne katika karakana ya Maan, Al Jaddaf. Nilisomea mambo ya mbao chuoni Morogoro, nikahitimu vizuri, nikakaa Moshi miaka miwili bila kazi, nikaja Dubai. Maan alikuwa Msiria mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Alinipa kazi ambayo wenzangu hawakuitaka: samani kuukuu za nyumbani, na nyingi zilikuwa za Wamarekani. Wamarekani wa Dubai huja na kontena na huondoka na kontena. Katikati hapo kitu huvunjika.

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Ililetwa meza ya kulia kutoka Ohio, yenye matundu ya uma upande mmoja tu, mahali ambapo mtoto fulani, zamani sana, alilazimishwa kumaliza chakula. Kilikuja kiti cha kubembea ambacho mkono wake wa kushoto umelika na wa kulia ni mzima. Mama zao wote, kizazi baada ya kizazi, walipakata watoto upande mmoja. Wenye mali walinipa anwani na namba ya simu. Habari za familia zao nilizipata nikiwa chali sakafuni, tochi mdomoni, nikitazama chini ya mbao.

Nilikuwa na utaratibu. Kwanza picha, kisha vipimo, kisha maandishi, mwisho ndipo mikono. Mhadhiri wangu alikuwa na sentensi moja ambayo niliibeba kama wengine wanavyobeba hirizi: alama tunaitunza, uchafu tunauondoa. Sentensi ile ilinifaa miaka mingi. Haikunieleza ni nani anayeamua kipi ni kipi.

Himid alikuja karakana mwanzoni mwa Februari. Jengo moja la Al Baraha lilikuwa linavunjwa, na mama yake, aliyeishi ndani yake miaka arobaini na mitatu, alikuwa anahamia kwake. Katika vyombo vyote mama alikubali kuacha kila kitu isipokuwa almari moja. Badriya naye hakukataa almari, alikataa wadudu.

Nilikwenda Al Baraha kuitazama. Nilitarajia kazi ya Kihindi au ya Unguja kwenyewe. Nikavuta droo ya juu, nikaona ubavuni meno ya kiungio yaliyokatwa kwa mkono. Nikapapasa nyuma, nikakuta msonobari mweupe na laini ambao hauoti upande wetu wa dunia. Uso ulikuwa wa mahogani, miguu imechongwa kwa kujizuia, bila mbwembwe.

"Hii ni ya Marekani," nilisema. "Karibu miaka mia mbili."

"Si ndivyo ninavyowaambia?" Bi Tufaha alijibu kutoka kitandani. "Almari ya Merikani. Wao wakidhani jina tu, kama kitambaa cha merikani."

Alinieleza kwa kifupi, kama mtu aliyekwisha kuieleza kwa watu wasiosikiliza. Babu wa bibi yake alikuwa dalali wa karafuu Unguja. Alifanya kazi na mfanyabiashara mmoja kutoka mji wa Salem. Mmarekani yule alipofunga nyumba na kurejea kwao, almari ilibaki kwa dalali. Familia ilipohama Unguja, baba yake Bi Tufaha aliacha vitanda, saa ya ukutani na milango ya nakshi, akaifunga almari kwa magunia.

"Na wewe mtoto wa wapi?"

"Moshi, bibi."

"Bara," alisema, kana kwamba hilo lilifafanua mambo mengi. "Basi uitengeneze kwa adabu."

Kabla hatujaibeba, alijipapasia hadi droo ya chini, akatoa furushi jeupe lililofungwa ndani ya kanga, akalipakata kifuani. Sikuuliza ni nini. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuandika kilichotolewa.

Karakana, wadudu walikuwa wachache na nilimaliza nao kwa siku tatu. Kilichobaki ni droo. Zote nne zilikuwa nyeusi ndani, weusi wa kung'aa, na ile ya chini kuliko zote. Ulikuwa moshi wa udi. Familia ile ilikuwa ikichoma udi kwenye chetezo, ikiteremsha chetezo ndani ya droo tupu, ikifunika kwa nguo, tangu siku isiyojulikana. Harufu ilijaza karakana nzima. Mafundi wa Kipakistani walipita karibu na meza yangu kwa visingizio.

Mwenzangu Kasian, fundi seremala kutoka Songea, alisimama na kikombe chake cha chai.

"Msomi, hapa ndani unafanyaje?"

"Naondoa masizi. Halafu vanishi nyepesi, ili mbao zisinywe tena."

"Hii harufu mimi ningeiacha."

"Kasian, harufu haimo kwenye mkataba."

"Ni kweli," alisema. "Ila imo kwenye kabati."

Nilicheka. Nikavaa glovu. Nilifanya kazi safi. Hata leo nitasema hivyo. Kwa pamba na spiriti nilitoa moshi tabaka kwa tabaka, hadi msonobari ukatokea, wa rangi ya siagi. Nilianika droo juani siku nne. Nikapiga vanishi mara mbili. Nilipozipindua kukagua chini, niliona mikwaruzo kwenye ubao wa droo ya mwisho, nikaileta taa karibu. Zilikuwa herufi, zimekwaruzwa kwa kitu chenye ncha: LYDIA. Herufi ya D ilitazama nyuma. Nikapiga picha. Katika fomu, safu ya alama, niliandika: "Jina la mtu. Litunzwe." Safu ya pili, uchafu ulioondolewa, niliandika: "Moshi."

Maan alipitisha kidole ndani ya droo, akakitazama, akasema, "Khalas. Kama mpya." Nami nilifurahi.

Sasa nilikuwa Al Garhoud, na mwenye almari alikuwa anasema si yake.

"Mama, ni yenyewe," Himid alisema. "Wallahi ni yenyewe. Nimeuona ule mguu uliovunjika."

"Wewe unaona. Mie siioni. Mie nilikuwa namjua kwa hii." Aligusa pua yake. "Humu alikuwemo mamangu. Nikifungua tu, yumo. Naanza kupofuka nikasema, si neno, Lidia yupo." Alinyoosha mkono, Badriya akampa furushi lililokuwa juu ya mto. Alilipapasa kama anayehakikisha halijapungua. "Unajua hii nini, mtoto wa Bara?"

"Sijui, bibi."

"Sanda yangu. Nimetoka nayo Makka, nimeiosha kwa Zamzam. Imelala humu miaka kumi na tisa inanywa moshi wa mamangu. Nilitaka niingie nayo vile. Sasa nikiilaza humu itanuka nini? Itanuka duka la rangi."

Ningeweza kusema kwamba Himid alisaini. Ningeweza kusema kwamba Badriya, siku ya kwanza, aliniuliza kama ule moshi unatoka. Badriya mwenyewe alikuwa amefunika mdomo kwa mtandio, na niliona kwamba alikuwa akikumbuka vivyo hivyo.

"Hawajakubadilishia, bibi," nilisema. "Ni mimi niliyeosha. Nilidhani ni uchafu. Nimemtoa mama yako kwa spiriti, na siwezi kumrudisha."

Himid alinitazama kwa mshangao. Nadhani alitarajia nitetee karakana. Bi Tufaha aliligeuza furushi mapajani.

"Nitajuaje husemi uongo? Kuna watu wanaungama dogo ili wafiche kubwa. Pengine mmemuuza, mkanichongea mwingine."

Ndipo nilipopiga magoti, nikaitoa droo yote, nikaipindua juu ya kitanda. Nikamwomba mkono wake. Kidole chake cha shahada kilikuwa chepesi na kikavu. Nilikiweka kwenye herufi ya kwanza.

"Umesoma, bibi?"

"Nimesoma skuli hadi darasa la saba. Usinidharau." Kidole kilishuka, kikapinda. "L." Kikasogea. "Y." Kikasimama kwenye ya tatu, kikaizunguka, kikarudi. "Hii nini? Imegeuka."

"Ni D, bibi. Aliyeandika aliigeuza."

Alimaliza mbili zilizobaki bila kusema. Kisha akaanza upya tangu mwanzo. Midomo yake ilikuwa ikisoma.

"Huyu mtoto," alisema.

"Ndiyo. Miaka sita, labda saba."

"Kajificha chini ya almari na sindano ya mamake." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Alipigwa?"

"Sijui, bibi."

"Atakuwa alipigwa. Mie ningempiga."

Himid alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Sote wanne tulikuwa tunafikiri jambo moja. Mwanamume wa Salem alivuka bahari na jina la mwanawe likiwa chini ya mashati yake. Alipoondoka, lazima aliipindua droo, akamwonyesha dalali, akalitamka. Dalali akamwambia mkewe. Mkewe akawa anasema, leta ile ya Lidia, mtie Lidia udi. Watu wakafa, wakahama, wakasahau aliyeandika, na hawakuacha kumwita.

"Mtoto wa watu," Bi Tufaha alisema, mkono wake ungali juu ya mbao. "Tumekaa naye siku zote hizi. Na wewe umemwogesha."

"Nimemwogesha, bibi."

"Mtoto akiogeshwa anafukizwa. Badriya, chetezo."

"Mama, humu ndani king'ora kitalia. Jengo zima litashuka chini."

"Nyumba gani hii inayopiga kelele ukichoma udi! Basi barazani."

Nilimwambia haitawezekana siku hiyo. Vanishi yangu ilikuwa imeziba mbao, moshi usingeingia. Nilihitaji kuikwangua. Aliuliza itachukua muda gani mbao ziwe kama zamani. Sikutaka kumdanganya. Nilisema zamani ilichukua zaidi ya miaka mia.

"Mie nina themanini na nne," alisema. "Basi usikae tu. Anza."

Nilianza siku ileile, kwa kipande cha kioo na msasa, kwenye baraza iliyotazama maegesho ya magari. Mwisho wa juma msonobari ulikuwa mtupu. Baada ya hapo nilikwenda kila Ijumaa, ambayo ilikuwa siku yangu ya mapumziko, asubuhi kabla ya Himid kwenda msikitini. Nilichukua droo barazani, Badriya akaleta makaa, Bi Tufaha akachagua kipande cha udi kwa kukinusa, akinilaumu kwa kila kitu: makaa, upepo, dini yangu, namna nilivyofunika nguo. Mara moja alinihifadhia chapati. Maan hakuambiwa. Kasian aliniuliza Ijumaa zangu zinakwenda wapi, nikamwambia nina mkataba.

Bi Tufaha hakuwahi kusema kwamba harufu imerudi. Mwezi wa tano alirudisha sanda ndani ya droo.

Alifariki mwezi wa kumi na moja, Jumanne, hospitalini, usingizini. Himid alinipigia kabla jua halijapanda. Nilipofika, alikuwa chini na gari, injini inanguruma, anasubiri sanda ipelekwe anakooshewa mama. Juu, Badriya alikuwa amepiga magoti mbele ya almari.

"Dada Emi, inakwama. Wewe unaijua."

Unyevu wa Dubai huvimbisha msonobari. Niliinua kidogo upande wa kushoto, nikavuta. Ilifunguka, na harufu ikatoka yote mara moja, ikatupita, ikajaza chumba.

Badriya alitoa furushi, akazika uso wake humo.

"Harufu ya mama," alisema.

Niliujua umri wa harufu ile. Ilikuwa ya miezi tisa. Ningeweza kutaja Ijumaa moja moja, na ile ambayo upepo ulizima makaa mara mbili. Himid alipiga honi chini. Badriya alisimama, akajifunga mtandio, akaanza kwenda. Nikashika vishikio ili nisukume droo mahali pake, kama nilivyozoea kuacha kila kitu kimefungwa.

"Lidia usimfunge," alisema kutoka mlangoni. "Mwache kidogo."

Nikamwacha.