Kengele ya Tangi la Mvuke

Katika kiwanda kidogo cha mawese huko Kizuka, Alimasi ndiye aliyechemsha ngazi, matunda ya mchikichi, kwa mvuke. Kipimo cha tangi kilikuwa kimekufa tangu mwaka wa uhuru, na tajiri hakuleta kingine. Basi Alimasi alitumia saa ya mezani. Aliitega ilie baada ya dakika ishirini. Ikilia, alifungua valvu, akapunguza mvuke, akaitega tena. Miaka kumi hakukosea.

Asubuhi moja ya Mei 1972, lori lilisimama langoni. Wakashuka wanaume wenye bunduki na karatasi ya majina. Wafanyakazi walikimbilia michikichini. Kabibi, mjane aliyechambua ngazi, hakuwahi. Alijibanza nyuma ya rundo la mikungu.

"Alimasi ni nani?"

"Ni mimi. Lakini tangi iko na moto, bwana. Nipeni dakika kumi tu nitoe mvuke."

"Twende. Utarudi sasa hivi."

Alimasi aliwatazama, akaelewa kwamba hatarudi. Akaichukua saa, akaitega, akasema kwa sauti kubwa: "Ikilia, valvu ya kushoto. Polepole. Halafu moto uzimwe."

"Unaongea na nani?"

"Na kazi yangu."

Wakamchukua. Mmoja akabaki kulinda lango.

Kabibi alisikia saa ikienda, na mabati ya tangi yakianza kulia. Nyuma ya ukuta zilikuwepo nyumba za wafanyakazi, na watoto ndani. Kengele ilipolia alitoka akitambaa, akazungusha valvu. Mvuke ulimlamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Mlinzi akaja mbio, bunduki mbele.

"Funga hiyo!"

"Nikifunga tunakufa wote, mwanangu."

Yule kijana alilitazama lile tangi lililotetemeka, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka langoni. Kabibi akamwagia moto maji, akatorokea uani.

Siku ya tatu, huko Minago kando ya ziwa, alipata nafasi katika mtumbwi wa kuvuka kwenda Kongo. Ndani alimkuta Batuli, mke wa Alimasi.

"Wewe ulikuwepo," Batuli alisema. "Alinitaja?"

"Alikutaja, dada."

"Alisemaje?"

Kabibi akatafuta neno moja ambalo mume angemwachia mkewe. Hakulipata. Batuli akajifunika kitenge usoni.