Poda ya Siku ya Wakaguzi

Laurentine alikuwa amesema mara tatu, na mara tatu mumewe alimjibu kama anayebembeleza mtoto. Poda ile ya kopo, yenye harufu ya mawaridi, ilikuwa inamziba pumzi binti yao Agnès. Akipakwa asubuhi, kifua kinapiga mluzi mpaka mchana. Asipopakwa, analala vizuri. Hilo hata kipofu angeliona.

Lakini Floribert, karani wa reli, alikuwa anaisaka kadi ya ustaarabu, ile ambayo serikali ya Wazungu iliwapa Waafrika walioonekana kuishi Kizungu, na siku hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja kuitazama nyumba yake. Makarani wote wa Élisabethville waliamini kwamba Mzungu anapima ustaarabu kwa pua. Basi sakafu ilisuguliwa kwa sabuni ya manukato, mapazia yakanyunyiziwa kolonya, madirisha yakafungwa, na mtoto akapakwa poda mpaka akawa mweupe kama muhogo uliomenywa. Upuuzi mtupu, na wa kuumia ni mtoto wa miezi saba.

"Vumilia, Mama Agnès," Floribert alisema akinyoosha tai. "Iko siku moja tu."

"Kifua yake haijui siku moja, Baba Agnès."

Wakaingia bwana mwenye daftari na Madame anayewafundisha wake wa makarani kutunza nyumba. Poda yenyewe, yeye ndiye aliyewasifia darasani. Madame alinusa, akatabasamu. "Très bien."

Agnès akakohoa. Akakohoa tena, kisha kikohozi kikakosa sauti, na midomo ikawa ya kijivu. Laurentine aliinuka, lakini Floribert alimshika mkono.

"Ngoja batoke kwanza."

Ngoja! Hasira ilimpanda Laurentine hadi utosini. Alijinasua, akatoka na mtoto mpaka kwenye bomba la uani, akamvua nguo zote, akamwosha poda hiyo mbele ya majirani. Polepole pumzi ikarudi, na Agnès akalia.

Floribert alimfuata, akasema kwa kunong'ona. "Madame anauliza kama banaogesha batoto inje sawa basenji ba pori. Rudi ndani, omba pardon."

"Niombe pardon ya nini? Mutoto alikuwa anakufa, weye unachunga tai." Alimfunga mtoto mgongoni, angali amelowa. "Niko naenda kwa mama. Kama unatupenda, kuya pamoja na sisi."

Floribert alimtazama mwanawe akihema. Akatazama mlango, ambapo yule bwana alikuwa anaandika.

Akafuta viatu vyake, akaingia ndani.