Bi Solveig Hataki Kusumbua

Jumamosi ya kwanza ya Juni, Murray Sigurdson alisimamisha gari mbele ya nyumba ya mama yake mjini Gimli, akaiacha injini ikiunguruma. Lilikuwa gari la kulala, refu kama basi la abiria, lenye jiko, bafu, televisheni mbili na vitanda vya kutosha watu sita. Wasafiri walikuwa wawili, yeye na mkewe Darlene. Nyuma ya gari kiwanda kilikuwa kimeandika UHURU kwa herufi za rangi ya dhahabu.

Murray alikuwa amestaafu ualimu wakati theluji ingali magotini, na tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine ila huo wa kuwatembelea marafiki, kutoka Manitoba hadi ng'ambo ya milima ya magharibi. Alisema kwamba maisha ni watu. Alilisema hilo kwenye karamu ya kuagwa, akalisema kwa daktari wa meno, akalisema kanisani, mpaka Darlene akalitarizi kwenye mto wa kochi la gari.

Mama yake alitoka kibarazani. Bi Solveig alikuwa amevaa koti lake la buluu la safari na viatu vyake vya kamba. Nyuma yake, hapo mlangoni kwa ndani, palikuwa na sanduku lililofungwa mkanda, na juu ya sanduku bati lenye keki ya matabaka ya plamu, ambayo mikono yake ilihitaji siku nzima kuitengeneza. Murray aliliona koti, akaliona sanduku, akaliona na bati.

"Mama, hutaki kuja nasi?" aliuliza kupitia dirisha la gari.

"Mimi tena? Nendeni tu, mwanangu. Nitawabana bure."

"Una hakika?"

"Msijisumbue kwa ajili yangu."

"Haya basi," alisema Murray, akaingiza gia.

Watu wa sehemu zile neno la mtu wanaliheshimu. Mgeni akisema hataki chai, birika linarudi kabatini. Kuuliza mara ya pili ni adabu, na kuuliza mara ya tatu ni kumwingilia mtu maisha yake. Bi Solveig alizaliwa huko huko na aliyajua hayo vizuri kabisa, ila kukubali mara ya kwanza kungemfanya aonekane mwenye pupa, na mara ya pili ilikuwa imepita haraka mno.

Walipokaribia mpaka wa Saskatchewan, Darlene alikuwa akimenya yai la kuchemsha. Akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni, akamaliza kumenya, akasema, "Murray, nyumba ya mama yako iko nyuma yetu."

Murray alitazama. Ilikuwepo kweli, nyeupe, na kibaraza chake na bomba lake la moshi, ikitembea katika njia ya kulia bila kuvuka mwendo ulioruhusiwa. Kwenye dirisha la jikoni alikaa Bi Solveig, koti mwilini na sanduku mapajani. Kuanzia hapo Murray akawa anawasha taa ya kukata kona mapema zaidi, ili nyumba ipate nafasi ya kujiandaa. Alijiona mwana mwema kwa jambo hilo.

Polisi wa barabarani aliwasimamisha. Alikuwa kijana mpole, akaomba radhi kwa kuwasimamisha, na Murray naye akaomba radhi kwa kusimamishwa. Kijana alieleza kwamba nyumba haikuwa na taa za nyuma. Kisha akauliza kama yule bibi dirishani alikuwa pamoja nao. Murray alifikiri kidogo, maana hakupenda kusema uongo mbele ya serikali.

"Yuko kwake," alijibu.

Polisi akaridhika. Alibandika vipande viwili vyekundu vya kung'aa kwenye ukuta wa nyuma, akamvulia Bi Solveig kofia, akawatakia safari njema.

Kituo cha kwanza kilikuwa shamba la Darcy na Lesia Tkachuk karibu na Yorkton. Walisoma na Murray chuoni, na kila Krismasi waliandikiana kwamba lazima waonane. UHURU iliegeshwa uani, na nyumba ikajipanga kando yake, chini ya mililaki iliyokuwa imechanua maua ya zambarau. Darcy aliizunguka mara moja mikono mifukoni. Akasema ni nyumba iliyojengwa vizuri, siku hizi watu hawajengi hivyo. Akaivutia waya wa umeme kutoka ghalani na mpira wa maji kutoka bombani, kisha akarudi kwenye nyama yake iliyokuwa motoni.

Walikula nje, mbu wakiwala wao. Jua la Juni halikuwa na haraka ya kuzama, na maongezi yalikuwa matamu, ya walimu wa zamani na magoti mapya ya bandia. Bi Solveig aliwatazama kutoka dirishani. Lesia alijaza sahani maandazi ya viazi yaliyokaangwa kwa vitunguu na siagi, akaenda kugonga mlango. Mlango ulikuwa wa kawaida, wa kupita mtu akiwa wima.

"Mama, nimekuletea chakula."

"Ah, mwanangu, ungejisumbulia nini? Niko sawa."

Bibi yake Lesia, aliyekuja kutoka Ukraina na mbegu zilizoshonewa kwenye pindo la sketi, angeusukuma mlango ule kwa goti na kumlisha mwenye nyumba kwa mkono. Lakini Lesia alikuwa kizazi cha tatu na alikuwa amesoma. Alisema haya, asante, samahani kwa usumbufu, akarudi na sahani yake.

"Murray," alisema Darlene kwa sauti ya chini, "mama yako bado amevaa koti. Anangoja aulizwe tena."

"Nilimuuliza mara mbili na wewe ulisikia. Sasa nimwambie mama yangu ni mwongo?"

Hata hivyo kitu kilimkaba kifuani. Kilikuwa aibu, na alikijua kwa jina lake, ila alimwambia Darlene ni soseji. Akatoa simu, akampigia mama yake palepale kitini, kutoka umbali ambao angeweza kumrushia mpira akaudaka. Wote waliisikia simu ikilia jikoni mwa Bi Solveig, wakamwona akiinuka kuipokea.

"Uko sawa, Mama?"

"Niko sawa kabisa. Mnaonekana mnafurahi."

"Tunafurahi. Unahitaji chochote?"

Bi Solveig alitupa jicho uani. Alikuwa ameshika waya wa simu kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapapasa kifuniko cha bati la keki.

"Hapana," alisema. "Usijisumbue."

Asubuhi nyumba ilikuwa imepungua. Mlango sasa ulimfika Murray kifuani. Darcy alisema mbao husinyaa kukiwa na ukavu, na mwaka huu mvua imechelewa. Wakaagana kwa kukumbatiana, wakaahidiana kwamba lazima waonane.

Katika uwanda ule wa Saskatchewan, ambako mtu anaweza kumwona rafiki yake akija tangu asubuhi na akampokea alasiri, nyumba iliwafuata kwa bidii, ikiwa sasa na mwendo wa kukimbia kidogo kwa sababu ya udogo wake. Kwenye uwanja wa kupigia kambi mlinzi aliitazama, akaamua kwamba si nyumba tena wala si hema, akawabandikia karatasi ya ada ya baiskeli.

Mjini Calgary walikuwa wageni wa Ron Friesen, aliyekuwa akipanga chumba kimoja na Murray walipokuwa vijana. Mtaa wa Ron ulikuwa na kamati ya majirani, na kamati ilikuwa na kanuni za rangi za milango. Kabla hawajamaliza kahawa, mama mmoja wa kamati alifika na tabasamu na sahani ya biskuti. Alisema yeye binafsi hana neno, nyumba hiyo anaipenda hata, lakini jengo la pili uani huruhusiwa tu likiwa dogo kuliko kibanda cha kuwekea mashine ya kukatia nyasi. Ron aliomba radhi. Murray aliomba radhi. Yule mama naye aliomba radhi, akawaachia biskuti.

Bi Solveig alikuwa amefungua dirisha kwa sababu ya joto, akasikia kila kitu.

"Nisiwatie matatani," alisema.

Kufikia wakati wa chakula cha jioni, nyumba ilikuwa ndogo kuliko kibanda. Ron alipima kwa futi kamba, akafurahi sana.

"Mzee, una bahati ya mtende," alimwambia Murray, akimpiga bega. "Mama yangu mimi alikuwa akinipigia kila Jumapili, baada ya ibada, na anataka kujua nimekula nini. Wako hana hata neno."

"Hajawahi kumsumbua mtu maisha yake yote," alisema Murray.

Alilisema kwa fahari. Kwa watu wa kwao sifa hiyo huandikwa hata kwenye mawe ya makaburi, na wapita njia husoma na kutikisa kichwa kwa heshima. Darlene hakutikisa kichwa. Aliinuka, akaenda kupiga magoti mbele ya kile kibaraza kilichokuwa sasa na upana wa sinia, akakunja kidole agonge. Halafu akaona kwamba pazia limefungwa. Huenda mama amelala, alifikiri, na kumwamsha mzee si vizuri. Akarudi mezani akiwa na nyasi magotini.

Milimani upepo ulikuwa mkali, malori ya magogo yakipita kwa vishindo. Nyumba isingeweza kutembea yenyewe kule, ingepeperushwa. Murray aliiinua kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba sufuria ya supu, akaiweka kwenye rafu ya vikombe ndani ya UHURU na kuizungushia taulo. Kwa hiyo Bi Solveig alisafiri pamoja nao baada ya yote. Darlene alisema si unaona, na vitanda tunavyo. Lakini Bi Solveig hakuhitaji tena kitanda.

Kituo cha mwisho kilikuwa Penticton, kwa Gwen Mathers, rafiki wa Darlene wa tangu utotoni, mjane mchangamfu aliyekusanya birika ndogo ndogo za kauri. Baraza lake lilitazama ziwa. Gwen aliiweka nyumba mezani, kati ya chumvi na maua, akavaa miwani, akachungulia dirisha la jikoni.

"Jamani, ana hata koti," alisema. "Na kisanduku. Maskini, kizuri hicho! Anakula?"

"Anajitegemea," alisema Murray.

Kesho yake Murray aliamka kabla ya wanawake, akakaa barazani peke yake. Ziwa lilikuwa tulivu, na kutoka kwenye bomba la moshi lililokuwa na unene wa penseli kulikuwa kunatoka uzi wa moshi. Simu yake ikalia. Katika safari nzima ilikuwa mara ya kwanza kwa Bi Solveig kupiga yeye.

"Murray? Nakuona uko peke yako hapo." Sauti ilikuwa nyembamba, ilibidi azibe sikio la pili ili aisikie. "Nimeteleka kahawa. Nimeweka vikombe viwili. Na keki bado sijaikata."

Murray alitazama. Kupitia dirishani aliona meza, kitambaa cheupe, vikombe viwili kama punje mbili za mchele, na kiti kilichovutwa nyuma kidogo, kama anavyovutiwa mtu anayetarajiwa. Aliutazama na mlango. Ulikuwa umeachwa wazi. Kidole chake cha mwisho kingeingia, labda, mpaka kwenye kifundo cha kwanza.

Alimpenda mama yake. Ilimjia ghafla jinsi alivyompenda, kwa nguvu iliyomfanya ashike ukingo wa meza, na alijua kwamba neno moja tu lilihitajika, nalo lilikuwa fupi. Lakini watu wazima hawaingizi vidole katika nyumba za watu, na adabu aliyolelewa nayo na mwanamke huyo huyo ikamtoka mdomoni kabla hajafikiri.

"Usijisumbue, Mama. Nimeshakunywa."

"Haya, mwanangu," alisema Bi Solveig.

Kikombe kimoja kilirudishwa kabatini. Murray alikaa akatazama ziwa mpaka Gwen alipotoka na mayai.

Walirudi Gimli kabla Juni haijaisha. Katika kiwanja cha Bi Solveig palikuwa na mraba wa udongo mtupu, nyasi zikianza kuumeza kutoka pembeni. Murray aliiweka nyumba katikati kabisa, akaielekeza barabarani kama ilivyokuwa mwanzo. Darlene alipendekeza vijiti vinne na kamba, ili anayekuja kukata nyasi aione. Wakaweka vijiti. Jirani alipita na mbwa wake, akasema karibuni nyumbani, na kwamba kiwanja kinapendeza kikiwa na nafasi hivi.

Jioni Murray alimpigia mama yake kutoka sebuleni kwake. Ilichukua muda simu kupokewa, kisha akasikia, kwa mbali sana, mkanda wa sanduku ukifunguliwa na mlango wa kabati ukilia.

"Ndiyo kwanza natundika koti," alisema Bi Solveig. "Asanteni kwa kunichukua. Sehemu nzuri, zile. Natumaini sikuwasumbua."

"Hata kidogo, Mama," alisema Murray, na ilikuwa kweli.